Scary Movie Ilikuwa Chafu kwa Sababu, Angalau Nusu Yake

Taja Scary Movie kwa kikundi chochote cha watu waliozaliwa miaka ya tisini na utasikia kicheko cha aibu kwanza. Hapa kwetu wengi waliiona kwa CD za kuburn kutoka muvi shop ya mtaa, rimoti ikiwa mkononi, sikio moja likisikilizia mlango kama mzazi ameingia. Kwa hivyo inakumbukwa kama uchafu tu. Mimi nasema hapana. Uchafu ndio ulikuwa hoja ya hiyo filamu. Si yote, lakini nusu yake, na hiyo nusu ingine nitaifikia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1948, Abbott na Costello walikutana na Frankenstein kwenye filamu yao, wakakimbizwa, wakapiga mayowe, na hakuna kitu hapo ungeficha nyanya yako. Haingewezekana vingine. Tangu 1934 studio za Hollywood zilikuwa zinafuata kanuni kali za maadili, na zilikuja kuondolewa 1968, mahali pake ukaingia mfumo wa kupanga filamu kwa umri wa watazamaji. Miaka sita baadaye Mel Brooks akatoa Young Frankenstein, na sasa utani wa ukubwa wa maumbile ya lile jitu ukawa unapita wazi wazi. Lakini bado ni utani wa kukonyezana. Unasemwa kwa adabu fulani, unacheka ukijua umeelewa.

Kilichobadilisha mambo ni filamu za kutisha zenyewe. Halloween ya John Carpenter ilitoka 1978 kwa bajeti ya kama dola 325,000, ikaingiza mamilioni, na 1980 Friday the 13th ikafuata njia hiyo hiyo. Unaijua fomula: vijana wawili wanatoroka kwenda kulala pamoja, wanauawa. Msichana mtulivu anabaki hai mpaka mwisho. Hebu fikiria huo unafiki. Filamu inakuonyesha mwili wa dem kwanza, unalipa tiketi kuuona, halafu inamchinja kwa sababu aliuonyesha. Mhubiri na muuza pombe ni mtu mmoja!

Wa kwanza kulicheka hilo ni Student Bodies ya 1981, filamu ambayo watu wachache wanaikumbuka. Muuaji wake anawinda wapenzi walio katikati ya shughuli, na idadi ya maiti inaandikwa kwenye skrini. Halafu katikati ya filamu, jamaa anatokea ameketi, amevaa vizuri, anaeleza kwamba ili filamu ipewe alama ya R lazima iwe na uchi, vurugu kali au kutaja ngono waziwazi. Kisha anatukana mtazamaji tusi moja tu, na hadithi inaendelea. Kwangu huo ndio mzaha bora wa aina hii, kwa sababu unasema ukweli: uchafu mwingi uliwekwa pale na wahasibu.

Mwaka wa 1996 ikaja Scream ya Wes Craven, ambayo wakati inaandikwa jina lake lilikuwa Scary Movie. Pale Randy, kijana anayefanya kazi kwa duka la kanda, anataja sheria za kubaki hai, ya kwanza ikiwa usilale na mtu. Sidney anaivunja na bado anapona. Sasa kama Scream ilishajicheka yenyewe, familia ya Wayans ingecheka nini tena mwaka wa 2000?

Jibu lao lilikuwa mwili. Kile filamu za kutisha zilikuwa zinachungulia kwa dirisha, wao walikivuta mpaka sebuleni na kuwasha taa. Angalia mwanzo wake: Carmen Electra anakimbizwa, anafika kwenye kibao kinachoonyesha njia ya usalama na njia ya kifo, anachagua kifo. Nguo zinaisha njiani bila sababu yoyote. Kisha kisu kinamchoma kifuani na kinatoka na silikoni. Ni kama wanakuuliza, si hiki ndicho ulilipia?

Na tukio la Brenda kwenye sinema ni kali zaidi. Scream 2 ilianza kwa kumuua mwanamke mweusi ndani ya ukumbi wa sinema. Wayans wakamweka Regina Hall ukumbini, akapiga kelele mpaka watazamaji wenyewe wakamchoma visu kabla muuaji hajapata nafasi.

Sasa ile nusu ingine. Ray, ambaye utani wake wote ni kwamba ni shoga na hataki kukubali. Mwalimu wa michezo, Miss Mann, ambaye utani wake ni mwili wake. Doofy na ulemavu wake. Kipimo changu ni rahisi: toa kinyago cha Ghostface, je, utani unabadilika? Hapa haubadiliki hata kidogo. Haugusi filamu za kutisha, unamgusa mtu tu, na mtu ambaye hakuwa na filamu yake ya kujibu.

Pesa hazikutofautisha hizo nusu mbili. Bajeti ilikuwa dola milioni 19, mapato duniani yakafika milioni 278, na wakati huo ikawa filamu iliyoingiza pesa nyingi zaidi kuwahi kuongozwa na Mmarekani mweusi, Keenen Ivory Wayans. Tangazo liliahidi hakutakuwa na sehemu ya pili. Mwaka mmoja baadaye sehemu ya pili ikatoka, ikipiga kelele zaidi na ikiwa na akili kidogo. Ya tatu, 2003, ilitengenezwa bila Wayans, ikapunguzwa makali hadi PG-13 ili vijana waingie bila mzazi. Nao Friedberg na Seltzer, wawili kati ya waandishi sita wa ile ya kwanza, wakaendelea na Date Movie na Epic Movie. Matapishi yalibaki, hoja ikapotea.

Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba Keenen, Shawn na Marlon wanarudi. Lakini filamu za kutisha zenyewe zimehama. Get Out ya Jordan Peele imemweka mweusi katikati ya hadithi. X ya Ti West, ya 2022, inahusu watu wanaopiga picha za ngono shambani, na inaongea kuhusu tamaa na uzee bila kuona haya. Hakuna tena mtu anayejificha dirishani wa kuvutwa sebuleni.