Akina Mama wa Sauti Nne, na Swali Nililosahau Kuuliza

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, na wengine mmeanza kuniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nina deni moja ambalo kila nikikaa kuandika jambo jingine linanigonga begani. Leo nalilipa. Habari yenyewe ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na bosi anapitapita, isome jioni.

Mnakumbuka mwaka jana nilikuwa Marekani kwa miezi mitatu, kwenye mpango wa kubadilishana waandishi wa habari. Nilipangiwa gazeti moja dogo katika jimbo la Oklahoma. Sasa, mwandishi mgeni hapewi siasa wala mahakama. Nilipewa maonyesho ya maboga, nikapewa mzee aliyekusanya saa za ukutani, na Jumamosi moja nikapewa mashindano ya kanda ya akina mama wanaoimba babashopu. Mhariri akaniambia: maneno mia tano, yawe mepesi, watu watabasamu wakinywa kahawa.

Babashopu ni nini? Jina limetokana na duka la kinyozi. Ni uimbaji wa sauti nne bila ala yoyote, hata ngoma. Lidi anabeba wimbo wenyewe. Tenori anaimba juu yake, kwa wepesi. Besi anakaa chini kama msingi wa nyumba. Baritoni anajaza pengo lililobaki, mara juu ya lidi mara chini yake, na ukimsikiliza peke yake utadhani amepotea njia. Akina mama nao wanatumia majina hayohayo ya sauti za kiume, na usishangae kumkuta bibi wa miaka sabini akijitambulisha kwa fahari kuwa yeye ni besi.

Basi nikafika hotelini saa mbili asubuhi na daftari langu. Jamani! Korido nzima ilikuwa imejaa wanawake wenye kope za bandia, nguo zinazometameta na rangi ya mdomo inayoonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Wasichana wa chuo na bibi zao, walimu, wauguzi, wahasibu. Wanaimba kwenye lifti, wanaimba kwenye foleni ya chai, wanaimba wakisubiri choo. Wanne ambao hawajawahi kuonana wanasimama duara, mmoja anataja kipande cha mwisho cha wimbo fulani, wanakiimba, wanakumbatiana, kila mtu anakwenda zake.

Mama mmoja mwenye mvi aliniona nashangaa. Akanivuta mkono, akanisimamisha katikati ya wenzake watatu, akasema, "Kijana, usiandike kwanza. Sikiliza." Wakaimba sauti moja ndefu, kila mmoja na yake. Mara nikasikia sauti ya tano juu ya vichwa vyetu, nyembamba, kama mtu anapuliza shingo ya chupa. Niligeuka kumtafuta anayeimba. Hakuwepo. Wale akina mama walicheka hadi wakahofia kope zao.

Baadaye nilijifunza kwamba hakuna uchawi pale. Sauti nne zikipangwa vizuri, mitetemo yake inakuwa katika uwiano wa 4:5:6:7, na sauti ndogondogo zilizojificha ndani ya kila sauti zinakutana na kutiana nguvu. Sikio linasikia nyingine zaidi ya zile zilizoimbwa. Kinanda hakiwezi kukupa hiyo kwa ukamilifu, kwa sababu kinanda kimesawazishwa kwa namna nyingine. Inataka makoo manne ya watu, na inataka kila mmoja amsikilize mwenzake kuliko anavyojisikiliza mwenyewe.

Nikaandika habari yangu. Nikaweka kope, nikaweka bibi wa besi, nikaweka sauti ya tano. Nikaongeza aya moja ya historia: kwamba chama kikubwa cha wanawake hawa, Sweet Adelines, kilianzishwa mjini Tulsa mwezi Julai 1945 na mama aliyeitwa Edna Mae Anderson pamoja na wenzake, wengi wao wakiwa wake za wanaume waliokuwa na chama chao tayari. Kwamba mwaka 1947 walifanya mashindano yao ya kwanza ya makundi ya watu wanne, wakashinda Decaturettes kutoka Illinois. Kwamba mpaka leo kundi la wanne linaloshinda mashindano ya kimataifa huvishwa mataji kichwani kama malkia. Nikafunga kwa kuandika kwamba huu ni muziki wa vinyozi wa Marekani ya zamani. Habari ikatoka Jumatatu. Mhariri akafurahi. Na mimi nikafurahi.

Jumatano nikapata barua pepe. Naiweka hapa kwa kifupi na kwa Kiswahili changu: "Nimesoma habari yako, ni nzuri. Mimi ni mwanamke mweusi, naimba baritoni. Ulinipita mara mbili kwenye korido. Wewe ni Mwafrika, nikadhani utaniuliza. Hukuniuliza kitu."

Msomaji, nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Maana kweli nilimwona. Katika ukumbi ule weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na yeye alikuwa mmoja wao. Nilimwona, nikajiambia kimoyomoyo kwamba hii ni habari nyepesi, nisilete mambo mazito. Nikaendelea kuandika kuhusu kope.

Tulikutana kwenye mgahawa Ijumaa. Ni mtu wa umri wa mama yangu, nami nikamwita mama, akacheka akasema kwao mtu akiitwa hivyo na kijana asiyemjua basi kuna mkopo unaombwa. Hakunihutubia. Alinipa karatasi yenye majina na miaka, akaniambia nenda maktaba. Nikaenda. Na haya ndiyo niliyoyakuta.

Muziki huu haukuzaliwa kwa wale wazee weupe wenye kofia za ukindu na fulana za mistari tunaowaona kwenye picha. Mwaka 1992 mtafiti Lynn Abbott alichapisha makala ndefu iliyofukua magazeti ya kale na kumbukumbu za wanamuziki, akaonyesha kwamba uimbaji huu ulikuwa jambo la kila siku miongoni mwa watu weusi wa Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Wakati ule kwa mtu mweusi wa kusini milango mingi ilikuwa imefungwa, na duka la kinyozi lilikuwa moja ya sehemu chache ambazo wanaume wangeweza kukaa, kubishana na kuimba bila kufukuzwa. (Nilipofika hapo nilikumbuka vinyozi wetu wa Dar. Nani kati yetu alienda kunyoa na akaondoka bila kusikia siasa, mpira na talaka za mtaa mzima?)

James Weldon Johnson, yule mwandishi mkubwa mweusi aliyezaliwa Jacksonville, Florida, mwaka 1871, aliandika mwaka 1925 kuhusu makundi ya wanne aliyoyasikia kwenye maduka ya vinyozi wa kwao. Louis Armstrong, kabla ya tarumbeta kumpa jina, alikuwa mtoto wa New Orleans akiimba mitaani na wenzake watatu ili watupiwe senti. Hata wimbo wa mwaka 1910 uliolitangaza jina lenyewe la babashopu ulipata umaarufu kwa kuimbwa na Bert Williams, mchekeshaji mweusi.

Kisha zikaja sahani za santuri na majukwaa, na makundi ya wazungu yakaurekodi na kuuza. Mwaka 1936 Norman Rockwell akachora jalada la gazeti la Saturday Evening Post lenye wanaume wanne wanaoimba kwa kinyozi, wote weupe. Picha hiyo ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu.

Mwezi Aprili 1938, Tulsa, mwanasheria wa kodi aitwaye O.C. Cash na rafiki yake Rupert Hall wakawaita wenzao kuimba juu ya paa la Tulsa Club. Walikuja wanaume 26. Hapo kikazaliwa chama cha kuuhifadhi muziki huu, SPEBSQSA, jina refu kwa makusudi, la kuwakejeli wakubwa wa serikali ya Roosevelt na vifupisho vyao. Wakajiita wahifadhi, lakini waliotunga walichokuwa wanakihifadhi hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1941 kundi la wachukuzi weusi wa stesheni ya reli ya New York, Grand Central Red Caps, lilishinda mashindano ya jiji lile. Chama kikawazuia kwenda kwenye fainali za taifa huko St. Louis. Al Smith, aliyewahi kuwa gavana wa New York, na Robert Moses wakajiuzulu kwenye chama kwa sababu hiyo.

Nilipanda basi nikaenda Tulsa kuangalia. Jengo la Tulsa Club bado lipo, siku hizi ni hoteli. Kutoka pale unakwenda kwa miguu mpaka Greenwood, mtaa wa watu weusi uliochomwa moto na kundi la wazungu wenye silaha tarehe 31 Mei na 1 Juni 1921. Takribani vitalu 35 viliteketea, na wanahistoria wanakadiria waliouawa kufikia 300. Sisemi wale waimbaji 26 walichoma mtu. Nasema tu kwamba miaka 17 baadaye, mwendo mfupi kutoka kwenye majivu yale, watu walipanda juu ya paa wakaimba kuhusu siku nzuri za zamani. Kila mtu na zamani zake.

Sasa turudi kwa akina mama, maana hapa ndipo paliponikaba koo. Hawa walijua maana ya kuachwa nje. Waume zao walikuwa na chama, wao hawakuruhusiwa, wakajenga cha kwao. Ungetegemea mtu aliyefungiwa mlango ajue uchungu wake. Lakini Sweet Adelines nao wakaweka sharti kwamba mwanachama awe mweupe, na mwaka 1958 wajumbe wao walipotakiwa kuamua, wakalibakiza.

Sio wote. Hili nalo lazima niliandike, maana nililiacha mara ya kwanza. Baadhi ya matawi ya Rhode Island, Massachusetts na Orillia nchini Kanada yakakataa, yakatoka. Mwaka 1959 wakasajili chama kipya huko Rhode Island, Harmony, Incorporated. Fikiria walichoacha: mashindano makubwa, marafiki wa miaka, ndoto ya kuvishwa taji. Mwaka 1963 tawi la Ottawa nalo likahamia kwao, baada ya mgogoro wa kutaka kumpokea mwanamke mmoja mweusi. Mwaka huohuo chama cha wanaume kikaondoa sharti lake la rangi. Sweet Adelines waliliondoa mwaka 1966. Na wanaume wenyewe wakawafungulia wanawake uanachama kamili mwaka 2018, miaka 80 baada ya lile paa.

Harmony, Incorporated bado ipo, na bado ni ndogo ukilinganisha na Sweet Adelines. Kuwa upande wa haki hakukuwaongezea watu.

Nikarudi kwa yule mama na daftari langu limejaa. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza kwenye korido: kwa nini yeye anaimba Sweet Adelines, akijua haya yote? Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyechelewa. Akasema, "Huu ni wimbo wa babu yangu. Kwa nini niondoke mimi?" Halafu akaongeza kwamba wenzake kwenye kwaya wanampenda, na kwamba kuna siku anachoka kuwa yeye ndiye anayeulizwa. Nikashindwa kujua niandike lipi kwanza, nikayaandika yote mawili.

Nilimwomba mhariri nafasi ya habari ya pili. Akasema kwa upole kwamba mashindano yameshapita, na mashindano yaliyopita si habari. Kazini ndivyo tulivyofundishwa, na sina ugomvi naye. Yeye hakunikataza kuuliza siku ile. Nilijikataza mwenyewe.

Kwa hiyo naisahihisha hapa, hata kama wasomaji wa kule hawaoni Kiswahili. Niliandika kwamba ni muziki wa vinyozi wa Marekani ya zamani. Nilipaswa kuandika ni vinyozi gani.

Siku ya kuondoka, yule mama alinileta mpaka stendi ya basi. Akanifundisha sauti ya lidi ya kipande kimoja kifupi, yeye akachukua baritoni. Wawili tu, besi hakuna, tenori hakuna. Ilisikika vibaya sana. Akasema tafuta wengine wawili huko kwenu, utaona.

Bado natafuta. Kama unaimba besi na unakaa karibu na Sinza, niambie.