Mieleka ya Kijapani: Mshindi Amepangwa, Maumivu Hayajapangwa

Ukitaka kugombana na watu bure pale stendi ya Mbinga, nenda kijiwe cha bodaboda useme mieleka ni ya kweli. Watakucheka mpaka ujute. Nina mshikaji wangu, jina kapuni kwa sababu huwa ananisoma, yeye miaka yote ana jibu moja tu: "Yale ni maigizo, mwanangu." Juzi nikamwekea kwenye simu pambano la Kenta Kobashi na Kensuke Sasaki, Tokyo Dome, tarehe 18 Julai 2005. Alianza kwa kucheka. Ilipofika sehemu ya makofi akaacha. Bando langu likaisha yeye bado ameikumbatia simu.

Sehemu ya makofi iko hivi. Majamaa wawili, kila mmoja ana zaidi ya kilo mia, wanasimama uso kwa uso katikati ya ulingo. Mmoja anampiga mwenzake kofi la kifuani kwa kiganja kilichonyooshwa. Mwingine anarudisha. Hakuna anayekwepa, hakuna anayeweka mikono kujikinga. Wanaendelea hivyo dakika nenda dakika rudi, mpaka vifua vinakuwa vyekundu kama nyanya, halafu vinaanza kwenda zambarau. Uwanja mzima unahesabu na kupiga kelele. Sasa niambie, kofi la aina hiyo unaliigiza vipi? Ngozi haijasoma skripti.

Nakubali kitu kimoja ili tusonge mbele: mshindi anajulikana kabla. Hiyo siyo siri tena, dunia nzima inajua. Ila naomba tujiulize kama hilo ndilo linaloharibu utamu. Wazee wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay wanacheza mganda tangu baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Asili yake ni gwaride la askari, ndiyo maana kuna kaptula nyeupe, soksi zimevutwa juu, na mistari imenyooka. Vijiji vinashindana. Watu wanatembea mbali kwenda kuangalia. Sijawahi kusikia mtu amesimama pembeni ya uwanja wa mganda akapiga kelele, "Oya, hao siyo wanajeshi wa kweli!" Kila mtu anajua. Wanachoangalia ni nani kanyoosha, nani kachoka, na timu gani imeelewana mpaka inaonekana mtu mmoja. Kwenye mieleka ndiyo watu wanajifanya wajanja.

Turudi Japan, tuanzie mwanzo, maana bila historia haya makofi huwezi kuyaelewa.

Mwaka 1954 Japan ilikuwa imeshindwa vita miaka tisa tu nyuma, na wanajeshi wa Marekani waliokuwa wanaitawala walikuwa wamekabidhi nchi mwaka 1952. Watu wana njaa, wana hasira, na hawana pa kuipeleka. Hapo ndipo anatokea Rikidozan, jamaa aliyekuwa mcheza sumo, akaacha, akaingia mieleka mwaka 1951. Mwezi Februari 1954 yeye na Masahiko Kimura wakapigana na ndugu wawili wazungu, Ben na Mike Sharpe. Televisheni ilikuwa ndiyo kwanza ina mwaka mmoja, na watu wa kawaida hawana uwezo wa kununua. Kwa hiyo ziliwekwa hadharani, mitaani na kwenye viwanja, umati unajazana mbele ya kioo kimoja kumwona Mjapani anamchapa Mmarekani.

Yaani kibanda umiza, ila hakina paa wala kiingilio. Sisi Tanzania Bara tulianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994, na huku kwetu wengi tulijulia mieleka kwenye mabenchi ya kibanda umiza, mtafsiri anatia maneno yake ambayo hayapo. Kwa hiyo hao watu wa Tokyo wa 1954 mimi nawaelewa kabisa.

Ila sikia utamu wa stori. Rikidozan aliyekuwa anawalipia kisasi Wajapani alikuwa Mkorea, amezaliwa upande ambao leo ni Korea Kaskazini, na asili yake ilifichwa. Na wale "Wamarekani" ndugu Sharpe walikuwa Wakanada. Shujaa siyo mwenyeji, na adui siyo yule anayetajwa. Maigizo hayo, sawa. Lakini wale watu waliolia kwa furaha mitaani, machozi yao yalikuwa ya nani?

Mwisho wa mwaka huohuo likatokea jambo ambalo kwangu mimi ndiyo funguo ya kila kitu. Tarehe 22 Desemba 1954 Rikidozan alipangiwa pambano na Kimura, yule aliyekuwa mwenzake. Kimura hakuwa mtu mdogo, ni gwiji wa judo, mwaka 1951 alikwenda Brazil akamvunja mkono Hélio Gracie. Kwa maelezo ya Kimura mwenyewe, walikubaliana iwe sare. Katikati ya pambano Rikidozan akabadilika, akaanza kumpiga kweli, mpaka Kimura akalala chini damu zinamtoka. Hapo makofi yalikuwa ya kweli kuliko yote. Na ni pambano baya. Nimeliangalia, halina raha yoyote, ni kama kuona mtu anaibiwa.

Hapo unaona kuwa ukweli wa pigo peke yake hautoshi. Kinachofanya pambano gumu liwe kubwa ni makubaliano: mimi nakupa kifua changu, wewe nipe chako, tuone nani atayumba, na wote tunajua tumekuja kufanya nini.

Sisi wa ziwani tuna mfano wetu wa mtu kupigwa bila kuambiwa kuwa pambano limeanza. Liuli, enzi za Mjerumani iliitwa Sphinxhafen kwa sababu ya lile jiwe la Pomonda linalofanana na sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ikiwa na nahodha Rhoades, ilikuja pale ikaipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa mshikaji wa Rhoades, wa kunywa naye pamoja, na habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Inasimuliwa alitoka na kamtumbwi akifoka, akimuuliza mwenzake kama amelewa. Huwa tunaicheka hiyo stori. Ila jiweke kwa Berndt. Kimura ni Berndt mwenye damu usoni.

Rikidozan naye hakufika mbali. Desemba 1963 alichomwa kisu kwenye klabu ya usiku Tokyo, akafa siku chache baadaye akiwa na miaka 39. Vijana wake wawili, Antonio Inoki na Giant Baba, mwaka 1972 kila mmoja akaanzisha kampuni yake.

Inoki ndiye mnayemjua zaidi kwa sababu ya Muhammad Ali. Tarehe 26 Juni 1976, ukumbi wa Budokan, raundi 15, Inoki karibu muda wote kalala chali anampiga Ali mateke ya miguu. Ikaisha sare, watu wakazomea, na miguu ya Ali ikavimba vibaya. (Ni Ali huyuhuyu aliyekuja Dar mwaka 1980 katumwa na Rais Carter kushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, Mwalimu Nyerere akagoma kuonana naye. Siyo mada, ila nisingeweza kuipita.) Pale Budokan maumivu yalikuwepo na bado pambano likadoda. Hawakuwa wamekubaliana wanacheza mchezo gani.

Dawa ilikuja kutoka upande wa Baba. Miaka ya tisini vijana wake, Mitsuharu Misawa, Toshiaki Kawada, Kenta Kobashi na Akira Taue, walikuwa wanapigana wao kwa wao mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo mieleka ya kupigana kiukweli ilipofika kileleni. Siri yao ilikuwa kumbukumbu. Misawa na Kawada walisoma sekondari moja, Misawa akiwa kamtangulia mwaka. Unajua ile hali ya kaka wa shule ambaye kila kitu anakuwa mbele yako? Basi Kawada aliibeba hiyo kwenye viwiko vyake. Kiwiko alichokosa mwezi huu, kilirudi baada ya mwaka mmoja na watazamaji wakakikumbuka. Ndiyo maana mtu akikurushia kipande cha sekunde 30 huwezi kukielewa. Ni kama kufungua tamthilia sehemu ya mia mbili.

Chukua tarehe 9 Juni 1995. Misawa na Kobashi dhidi ya Kawada na Taue. Kobashi kaingia mguu wake mmoja hauko vizuri, na wenzake wanajua, wanaushambulia huohuo bila huruma. Mpaka kwenye dakika ya arobaini hivi Kobashi hawezi tena kusimama. Misawa naye kaishiwa, kalala chini, wanakuja kummaliza. Kobashi anajikokota, anakwenda kumlalia Misawa kwa mwili wake ili kipigo kimwangukie yeye. Hampigi mtu. Hana uwezo huo. Anamfunika tu mwenzake. Wakamtoa, wakamtandika, na Kawada kwa mara ya kwanza akamlaza Misawa hesabu ya tatu.

Mimi ni mtoto wa kiume wa Kimatengo, sisi hatulii ovyo. Pale nilisema vumbi limeniingia machoni.

Miaka minane baadaye, tarehe 1 Machi 2003, Misawa na Kobashi walikutana wenyewe kugombea mkanda. Wakati huo Misawa alikuwa na kampuni yake, Noah, aliyoianzisha mwaka 2000. Yule aliyelaliwa ili asipigwe, safari hii alimbinua Kobashi kutoka kwenye njia ya kuingilia ulingoni, iliyoinuliwa juu, mpaka sakafuni. Kobashi akainuka, akashinda. Ukiwa hujaona ile ya 1995 utasema ni anguko la hatari tu. Ukiwa umeiona, unashika kichwa.

Na bili ililetwa. Tarehe 13 Juni 2009, mjini Hiroshima, Misawa akiwa na miaka 46, bosi wa kampuni na bado anapanda ulingoni, alibinuliwa kwa nyuma, pigo la kawaida ambalo alishalipokea mara nyingi sana. Hakuinuka. Alikufa usiku ule. Shingo ilikuwa imebeba miaka ya maanguko. Katsuyori Shibata naye, Aprili 2017, alimpiga mpinzani kichwa kwa kichwa, damu ikavuja ndani ya fuvu, akapasuliwa, akakaa nje karibu miaka mitano.

Hapa ndipo napata kigugumizi, nasema ukweli. Napenda vile vifua vya zambarau. Lakini kofi la kifuani linaumiza, linapona. Kuangukia shingo hakuponi, kunajumlisha. Kwangu mimi Kobashi na Sasaki wa 2005 ni bora kuliko maanguko mengi ya hatari ya miaka ile, kwa sababu walipata kelele zote za Tokyo Dome kwa viganja tu, bila kuvunja shingo ya mtu.

Nasema haya kwa sababu kuna madogo Mbamba Bay nimeona video zao, wanabebana na kubwagana pale ufukweni. Wamehamasika na wale vijana wa Mukono, Uganda, waliovuma kuanzia 2023 kwa mieleka yao kwenye tope, ulingo wa mianzi. Madogo wana kipaji, sikatai. Ila wale wa Mukono wanaangukia tope laini lililoandaliwa, na Japan kijana anafundishwa kuanguka muda mrefu kabla hajaruhusiwa kumpiga mtu. Mchanga wa ziwa uliolowa ni sakafu, msidanganyane. Pigeni makofi ya vifua kwanza. Yanatosha kabisa, na kelele zake zitafika hadi kwa wauza dagaa.

Kwa wanaoanza: tafuteni ile ya 9 Juni 1995 kwanza, halafu ya 2003, halafu makofi ya 2005, kwa mpangilio huohuo. Sauti msizime hata kama Kijapani hamkielewi, sikilizeni ule uwanja unavyoinuka. Halafu tukutane kwenye komenti, timu Misawa au timu Kobashi. Na wewe jina kapuni, bando langu unanirudishia lini?