Baridi ilivyoichelewesha TV bapa

Mafuta ya nazi ukiyaacha mezani Dar es Salaam mwezi Januari, yanamiminika kama maji. Yapeleke Makete mwezi wa sita, utayachota kwa kijiko. Shikilia picha hiyo kichwani, maana historia ya TV bapa imejificha humo humo.

Ukituuliza wengi wetu nani alileta hizi TV zilizozifukuza TV za chogo sebuleni, jibu liko mdomoni: Mjapani, halafu Mkorea. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Hao walishinda kiwandani. Kabla yao watu walihangaika miaka na miaka na adui mmoja asiyeonekana: nyuzi joto.

Kila kitu kilianza na karoti. Ndiyo, karoti! Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, alikuwa Prague akichunguza kemikali za jamii ya kolesteroli zilizotokana na karoti. Akaona kioja. Kemikali moja iliyeyuka kwenye nyuzi 145.5, lakini ikabaki na ukungu kama maji ya mchele. Alipoongeza moto hadi nyuzi 178.5 ndipo ukungu ukatoweka. Kitu kimoja, kuyeyuka mara mbili! Akamwandikia mwanafizikia Mjerumani, Otto Lehmann, ambaye aligundua kwamba katikati ya nyuzi hizo kitu kile kilitiririka kama maji, huku molekyuli zake zikiwa zimejipanga kama za fuwele. Siku hizi tunaita fuwele kimiminika, ndiyo hiyo "LC" kwenye LCD.

Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyejua la kuifanyia. Ikabaki mchezo wa maabara.

Tuhamie Marekani, kwenye maabara za RCA, kampuni iliyokuwa ikivuna fedha nyingi kutokana na TV za rangi za chogo. Mwaka 1962 Richard Williams aligundua kwamba ukipitisha umeme kwenye fuwele kimiminika, mwonekano wake unabadilika. Mwenzake George Heilmeier akaona mbali: hapo kuna TV ya kutundika ukutani kama picha. Tatizo? Kemikali waliyoanza nayo ilifanya kazi ikiwa imepashwa hadi kupita nyuzi 100. Hebu fikiria TV ambayo lazima iwe ya moto kuliko chai inayochemka ndipo uangalie taarifa ya habari. Ikipoa tu, inaganda na picha hakuna. Wanakemia wa RCA, Joel Goldmacher na Joseph Castellano, wakachanganya kemikali mbalimbali mpaka wakapata iliyofanya kazi kwenye joto la kawaida la chumba. Mwaka 1968 kampuni ikaita waandishi wa habari na kutangaza. Baada ya hapo, kasi ikapungua. Ukiwa unakula vizuri kwenye chogo, haraka ya kuliua chogo unaitoa wapi?

Hapa anaingia mwanasiasa. Mwaka 1967 waziri mmoja wa Uingereza, John Stonehouse, alikuwa ameanza kuwasukuma watafiti wa serikali kutafuta skrini bapa, akikerwa na fedha ambazo nchi yake iliilipa RCA kwa haki za teknolojia ya TV za rangi. (Ndiye huyo huyo aliyejifanya amekufa maji Miami mwaka 1974, akaja kukamatwa Australia akiwa mzima wa afya. Wanasiasa, jamani!)

Msukumo huo ukafika Chuo Kikuu cha Hull, kaskazini mwa Uingereza, kwa mwanakemia George Gray. Huyu bwana alikuwa amezichunguza fuwele kimiminika tangu miaka ya 1940, wakati wengi hawakuona faida yake. Mwaka 1972 kundi lake likatengeneza kemikali inayoitwa 5CB. Ilikuwa imara, haina rangi, haiharibiwi ovyo na unyevu. Lakini ilianza kuganda karibu na nyuzi 23 na kupoteza mpangilio wake kwenye nyuzi 35. Yaani Dar ingewaka vizuri, Njombe ingekuwa pambo!

Dawa ikapatikana kwa Peter Raynes, mtafiti wa maabara ya serikali kule Malvern. Kanuni yake ni ile ile ya chumvi kwenye maji: maji ya chumvi yanachelewa kuganda kuliko maji matupu. Raynes akapiga hesabu ya kuchanganya kemikali nne za jamii hiyo, ukazaliwa mchanganyiko uitwao E7, uliofanya kazi kuanzia takriban nyuzi 10 chini ya sifuri hadi 60 juu yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo TV bapa ilipozaliwa, ingawa picha yenyewe ilikuja baadaye. Sharp ya Japani, iliyokwishatoa kikokotoo chenye kioo cha LCD mwaka 1973, ilionyesha skrini ya rangi ya inchi 14 mwaka 1988. Yaliyofuata mnayajua.

Baridi imeshindwa kabisa? Hapana. Kwenye LCD, kila nukta ya picha inategemea molekyuli kugeuka. Baridi ikizidi, kimiminika kinakuwa kizito kama asali, molekyuli zinageuka kwa uvivu, na mpira ukipigwa unaacha mkia nyuma yake. Ikizidi sana, kinaganda. Ndiyo maana TV nyingi za LCD zimetengenezwa kutumika kati ya nyuzi 0 na 40. LCD za zamani zilikuwa na tatizo la ziada, kwani taa zake za nyuma zilitumia mvuke wa zebaki, na kwenye baridi ziliwaka hafifu. TV za OLED hazina kimiminika hicho, kila nukta inawaka yenyewe, hivyo baridi haizicheleweshi namna hiyo.

Kwa ndugu zetu walioko Toronto na Minnesota: TV ikiletwa na lori wakati wa theluji, msiiwashe papo hapo. Hewa ya joto ya ndani ikigusa vyuma baridi inageuka matone ya maji, na maji kwenye saketi ni msiba. Iacheni saa kadhaa ipate joto la chumba kwanza.

Mimi kinachoniuma ni kingine. Reinitzer hakuwa anatafuta TV. Gray alichunguza kitu "kisicho na faida" kwa zaidi ya miaka 20, na siku serikali yake ilipokihitaji, alikuwa tayari. Huku kwetu mtafiti akiomba fedha, swali la kwanza ni "itatusaidia nini mwaka huu?" Kwa swali hilo, karoti za Prague zingeishia kwenye kachumbari.

Au mnaonaje wadau?