Vitindamlo vya matunda wakati wa joto: namna ya kuviandaa bila jiko na bila kuhatarisha afya

Mwandiga, kilomita chache kutoka Kigoma mjini, ni mahali pa kupishana. Hapo ndipo inapoanza barabara ya kwenda Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 60, inayopanda kupitia Kalinzi kuelekea mpaka wa Burundi. Ndizi na parachichi za milimani huteremka kwa barabara hiyo, na dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hupanda. Mkazi wa hapa anaweza kununua samaki na tunda kwa safari moja ya sokoni.

Hata hivyo, mara nyingi mlo wetu huishia kwenye samaki. Mgeni akija na tukataka kumpa kitu kitamu, tunamtuma mtoto dukani kuleta soda. Chupa moja ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, na WHO inasema ikiwa nusu ya hapo ni bora zaidi.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa kitindamlo, yaani kitu kitamu cha kufungia mlo, kwa matunda yaliyoiva na majani yenye harufu nzuri. Havihitaji jiko, na vingi havihitaji hata sukari. Lakini kukosekana kwa jiko kuna gharama yake, na ni vyema kuielewa kabla ya kushika kisu.

Matunda yetu na msimu wake

Katika mkoa wa Kigoma, kiangazi huanza takriban mwezi Juni na kuendelea hadi Septemba. Joto huongezeka kuelekea Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijatulia. Ndizi na papai hupatikana karibu mwaka mzima. Maembe hujaa sokoni kuelekea mwisho wa mwaka, wakati mvua za kwanza zinapoanza kunyesha.

Mengi ya matunda haya ni wageni waliokuwa wenyeji. Nanasi, papai, parachichi na pasheni asili yake ni Amerika ya Kusini na ya Kati. Embe lilitoka Asia. Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka pwani, na miembe mikubwa imebaki kuwa sehemu ya sura ya mji huo hadi leo.

Kazi ya moto inafanywa na nani?

Ugali, maharage na samaki hupita motoni, na moto huua vijidudu vingi vilivyoingia njiani. Tunda lililokatwa halipiti motoni. Uchafu wa maji, wa mikono, wa kisu au wa ubao wa kukatia huenda moja kwa moja tumboni. Kwa hiyo kazi ya moto lazima ifanywe na vitu vingine: maji salama, sabuni na muda.

Mkoa wetu unalijua jambo hili kwa uchungu. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa karibu na mpaka. Maji safi na vyoo havikutosha, na kipindupindu kikalipuka. Watu walioambukizwa walikuwa maelfu, na takriban 30 walifariki. Kipindupindu husambazwa na maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na tunda lililooshwa kwa maji ya namna hiyo linaweza kukibeba.

Hatari huongezeka mvua zinapoanza, kwa kuwa maji yanayotiririka husukuma uchafu kwenye visima na mito. Huo ndio wakati maembe yanapojaa. Fuata hatua hizi kila mara:

1. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa angalau dakika moja, kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30.
2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao kwa sabuni pia, hasa kama vimetumika kwa samaki au nyama.
3. Osha tunda zima kabla ya kulimenya, hata kama ganda halitaliwa. Kisu kinapopita kwenye ganda chafu huingiza uchafu ndani ya nyama ya tunda.
4. Kata matunda karibu na wakati wa kula. Kama huna friji, usiyaache zaidi ya saa mbili.
5. Funika. Nzi anaweza kutua chooni kisha akatua kwenye bakuli.

Ndimu na limau husaidia, maana ukali wake haupendwi na vijidudu vingi. Lakini ndimu haichukui nafasi ya maji salama.

Kuchagua tunda ili usihitaji sukari

Watu wengi huongeza sukari kwa sababu walinunua tunda ambalo halijafikia utamu wake. Hapa kuna tofauti muhimu. Embe, ndizi, papai na parachichi huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Parachichi, kwa kweli, haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa. Nanasi ni kinyume chake: likishakatwa shambani haliongezi utamu. Ganda linaweza kugeuka njano nyumbani, lakini sukari haiongezeki.

Kwa hiyo unaweza kununua embe gumu leo na kulisubiri, lakini nanasi linunue likiwa tayari. Linuse sehemu ya chini. Likiwa na harufu tamu, limeiva. Likiwa na harufu kama ya pombe, limepita. Ukitaka parachichi au embe liive upesi, liweke ndani ya boksi pamoja na ndizi mbivu na ufunike. Ndizi inayoiva hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huharakisha uivaji wa matunda mengine.

Majani ya harufu

*Mnanaa* hutoa harufu bila moto. Ukate mwembamba dakika ya mwisho, maana ukikaa muda mrefu baada ya kukatwa huwa mweusi.

*Mrehani* una harufu tamu na huendana vizuri na nanasi na embe. Usiuchanganye na kivumbasi, jamaa yake mwenye harufu kali, ambacho wengi wetu tunakijua zaidi kwa kufukuza mbu. Kwenye kitindamlo kivumbasi hufunika ladha zote.

*Mchaichai* una jani gumu lisilotafunika, kwa hiyo harufu yake hutolewa kwa maji ya moto.

Majani haya hukua karibu na udongo na mara nyingi humwagiliwa maji ya mtoni. Yanahitaji uangalifu kuliko tunda lenyewe, kwa sababu hayamenywi. Yaoshe jani kwa jani kwa maji salama yanayomiminika, kisha yakung'ute.

Mapishi manne kwa watu wanne

*1. Embe kwa ndimu na mnanaa*

Maembe 2 makubwa yaliyoiva, ndimu 1, majani 8 ya mnanaa, chumvi kidogo sana.

Kata embe vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kamulia ndimu, nyunyiza chumvi kama ya kushikwa kwa vidole viwili, changanya na uache dakika 10. Chumvi huvuta maji ya tunda na kutengeneza mchuzi wenyewe chini ya bakuli. Weka mnanaa unapopakua. Dodo linafaa zaidi, kwa kuwa halina nyuzi nyingi. Maembe madogo yenye nyuzi yabaki kwa juisi.

*2. Nanasi kwa mchaichai na tangawizi*

Nanasi 1, mabua 3 ya mchaichai, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole kimoja, maji kikombe 1, asali vijiko 2 vya chakula.

Haya ndiyo mapishi pekee yanayohitaji moto, na ni kwa dakika chache tu. Ponda mchaichai na tangawizi, chemsha katika maji kwa dakika 10, chuja, kisha ongeza asali maji yakiwa vuguvugu. Yakishapoa kabisa, mimina juu ya vipande vya nanasi. Asali ya misitu ya miombo ya mkoa wetu ina harufu nzito, hivyo vijiko viwili vinatosha.

*3. Parachichi kwa pasheni*

Maparachichi 2 laini, pasheni 4, ndimu nusu, asali kijiko 1 ukipenda.

Ponda parachichi kwa uma pamoja na maji ya ndimu mpaka liwe laini kama uji mzito. Ndimu huzuia rangi isigeuke kahawia inapokutana na hewa. Gawa kwenye vikombe vinne, kisha mimina pasheni juu yake pamoja na mbegu zake. Uchachu wa pasheni hupunguza uzito wa mafuta ya parachichi, na ndiyo maana haya mawili hupatana.

*4. Ndizi na papai kwa mtindi*

Ndizi mbivu 3, papai nusu, mtindi vikombe 2, iliki punje 3 zilizosagwa.

Changanya mtindi na iliki. Kata ndizi na papai, weka kwenye mabakuli, mwagia mtindi na ule mara moja. Usiliache papai ndani ya mtindi au maziwa kwa saa nyingi. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papeini, ambacho huvunjavunja protini ya maziwa, na mchanganyiko huanza kuwa mchungu. Nanasi lina kimeng'enya cha aina hiyo pia, kiitwacho bromelaini. Ukiwahi kuona juisi ya nanasi na maziwa ikigeuka chungu, hukukosea vipimo. Ndivyo matunda haya yalivyo.

Kupooza bila friji

Kanuni ni rahisi: pooza tunda likiwa zima, kisha ulikate mwishoni. Panga matunda yaliyooshwa kwenye beseni pana kivulini, penye upepo, na uyafunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji salama. Maji yanapokauka kwenye kitambaa huchukua joto, kama inavyotokea kwenye mtungi. Njia hii hufanya kazi vizuri wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, na hupungua nguvu mvua zikianza. Itakupa tunda la baridi kiasi, lakini si friji: haiwezi kutunza matunda yaliyokwisha kukatwa.

Kumbuka pia kwamba barafu ni maji. Kugandisha hakuui vijidudu vyote, kwa hiyo barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo salama inabaki kuwa si salama. Hili linawahusu pia wanaotengeneza lambalamba na juisi za kuuza.

Wanaohitaji tahadhari zaidi

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kijiko kimoja, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea vinavyosababisha sumu hatari kwa watoto wachanga.

Mwenye kisukari anaweza kula matunda, lakini kwa kiasi na kwa ushauri wa mtoa huduma wake wa afya. Tunda zima ni bora kuliko juisi iliyochujwa, kwa sababu nyuzinyuzi za tunda huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Mtu mwenye vidonda vya tumbo anaweza kusumbuliwa na ndimu, pasheni na nanasi. Kwake ndizi na papai huwa afadhali.

Mtu akianza kuharisha maji mengi, usisubiri. Mpe maji yenye chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, zinazojulikana kama ORS, huku mkielekea kituo cha afya. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa anayepata maji na chumvichumvi mapema kwa kawaida hupona.

Kwa siku ya kawaida, mambo ni mepesi zaidi. Chemsha maji asubuhi, yafunike yapoe, na uweke maembe mawili kivulini chini ya kitambaa chenye unyevu. Mchana, watu wakimaliza ugali na migebuka, osha mikono na kisu, kata, kamulia ndimu, na mpelekee mgeni bakuli likiwa limefunikwa. Siku hiyo mtoto hana haja ya kutumwa dukani.