Ardhi Tupu ni Ipi?

Neno "tupu" lina kazi nyingi. Debe tupu halina kitu ndani. Ugali mtupu umejaa sahani, ila umekosa kitoweo. Na tukisema "uongo mtupu", hapo hapana upungufu wowote: ni uongo uliojaa pomoni! Basi mtu akisema kitu ni kitupu, tumwulize: kimekosa nini, na kwa macho ya nani?

Swali hilo halikuulizwa Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulikuja kutafuta mahali pa kulima karanga, kwa kuwa baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Wageni waliona vichaka na watu wachache. Wakasema: ardhi tupu. Ukapangwa mradi wa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kunguruma Kongwa.

Mgogo angewaeleza. Ugogo hupata msimu mmoja tu wa mvua, nayo hunyesha huku ikaruka kule. Kwa hiyo watu hutawanya mashamba na kuhamisha mifugo. Pori lisilolimwa mwaka huu ni malisho, ni kuni, ni mlenda, ni akiba ya mwaka wa njaa. Na uchache wa watu nao ulikuwa na sababu zake. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua ikakosekana, ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Maelfu walikufa, wengine wakahama.

Matokeo ya mradi tunayajua. Kiangazi udongo ulikauka ukawa kama saruji, mashine zikavunjika, mvua ikakataa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Na sehemu ya ardhi ile iliyofyekwa ikawa nini? Ranchi ya ng'ombe! Yaani malisho yaleyale.

Jambo hili si la kale tu. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, katika kufasiri "ardhi ya jumla", inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huohuo, haisemi hivyo. Sasa, nani ataamua kwamba ardhi fulani haitumiki? Mfugaji aliyehamisha mifugo kwa miezi sita, au mgeni aliyepita kiangazi na gari?

Ndugu zangu wa vijijini, msingoje kuulizwa. Kaeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mpange matumizi ya ardhi yenu, na mwandike: hapa malisho, hapa kuni, hapa akiba ya watoto wetu. Ardhi iliyoandikwa kazi yake ni vigumu kuitwa tupu.