Pembe ya Ndovu Si Kosa

Mwaka jana nilipeleka makala kuhusu siwa, zile baragumu kubwa za Lamu, kwa jarida moja. Iliporudi, kila nilipoandika "pembe ya ndovu" mhariri alikuwa amekata kwa wino mwekundu na kuweka "jino la tembo". Kando ya ukurasa wa kwanza aliandika kwamba ndovu hana pembe, ana meno, na kwamba Kiswahili sanifu hakina sababu ya kurithi ujinga wa wazee. Ni hilo neno "ujinga" lililonikalisha maktaba miezi mitatu.

Kwa elimu ya viumbe, hana kosa. Kinachochomoza mdomoni mwa ndovu ni meno mawili ya mbele ya taya la juu, ambayo hayaachi kukua. Pembe ya ng'ombe ni mfupa uliovikwa gamba gumu, na ya kifaru haina mfupa kabisa, imeumbwa kwa kitu kilekile cha kucha na nywele. Hayo yamekwisha. Ninalolikataa ni dhana kwamba mzee aliyesema "pembe" alikuwa akijaribu kueleza mwili wa mnyama, akakosea.

Anayemwita mjinga ajiulize pembe hizo zilitolewa na nani. Mwindaji alilipasua fuvu kwa shoka, au aliuacha mzoga siku kadhaa hadi uoze ndipo avute. Aliiona sehemu kubwa ya pembe, karibu theluthi, imezama ndani ya mfupa wa uso. Aliliona shina lake lina uvungu, na ndani ya uvungu mna nyama laini kama iliyomo ndani ya gego lililooza. Mtu huyo hakuhitaji kufunzwa jino hukaa wapi.

Wala si Waswahili peke yao. Washona husema nyanga dzenzou, na nyanga kwao ndiyo pembe ya ng'ombe. Wachewa huita minyanga, kutoka shina hilohilo. Waarabu waliokuja na msimu wa kaskazi, kwa upande wao, walisema sinn al-fil, jino la ndovu. Pwani ilisikia maneno yote mawili kila siku sokoni, na kwa karne nyingi. Watu walioazima kwa Waarabu maneno ya sheria, ya hesabu na ya chomboni wangeweza kuazima na hili pia. Hawakuliazima. Walibaki na pembe yao ya Kibantu, na uamuzi wa namna hiyo unastahili heshima zaidi kuliko wino mwekundu.

Nilipokuwa nikitafuta kama kuna wengine waliowahi kubishania jambo hili, niliangukia ukurasa ambao sijawahi kuuona ukitajwa katika maandishi ya Kiswahili. Ni wa Pausanias, msafiri wa Kigiriki wa karne ya 2. Anaeleza sanamu ya Zeus kule Olympia, iliyotengenezwa na Pheidias kwa dhahabu na pembe ya ndovu, mara anaacha sanamu na kuwageukia wale wanaosema kwamba vitu vile vitokavyo mdomoni mwa ndovu ni meno. Ni pembe, anasema, na anazo hoja. Nguruwe na kiboko wana meno marefu yaotayo kutoka taya la chini, lakini za ndovu zinashuka kutoka juu, kwenye panja, ndipo zinapinda na kutokeza nje. Zaidi ya hayo, pembe ya ng'ombe ukiipasha moto hulainika na kunyooshwa, na ya ndovu vivyo hivyo, ilhali hakuna jino likubalilo hivyo. Kisha anaongeza kwamba hilo la panja hakulisikia kwa watu: aliliona fuvu la ndovu kwa macho yake katika hekalu la Artemis huko Campania, nchi ya Italia, si mbali na mji wa Capua.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nampenda zaidi mzee huyu. Amekosea, ndiyo. Lakini amekosea akiwa amesimama mbele ya fuvu, akifuata kwa jicho mzizi wa kitu unakoanzia. Na hakuwa wa kwanza. Plinio wa Roma, karne moja kabla yake, anataja kwamba Juba, mfalme wa Mauretania, aliziita pembe, naye Plinio akaona ni afadhali kumfuata Herodoto na mazoea ya watu waliosema meno. Juba alikuwa Mwafrika wa kaskazini na msomi wa kutegemewa wa zama zake. Maandishi yake yamepotea, yamebaki mabaki ndani ya vitabu vya wengine. Laiti tungekuwa na ukurasa wake huo mmoja tu. Nabii Ezekieli naye, katika sura ya 27 inayoorodhesha bidhaa za Tiro, anatumia kwa Kiebrania maneno mawili pamoja, ambayo tukiyafuata neno kwa neno ni "pembe za jino". Kwa hiyo ugomvi wa mhariri wangu una umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na haukuanzia Uswahilini.

Lakini mimi naona jibu letu liko kwenye matumizi, si kwenye fuvu. Tazama kazi za pembe. Mbiu tunayoijua kwenye methali ya mgambo ilikuwa pembe ya nyati kabla ya kuwa tangazo. Baragumu ni pembe. Chuku nayo ni pembe, ile ya kuumikia. Nilipokuwa mtoto nilimwona mzee wa mtaani kwetu akimuumika mvuvi aliyeumwa mgongo. Alichanja ngozi kwa wembe, chale tatu fupi, akabandika mdomo mpana wa pembe ya ng'ombe juu ya chale, akafyonza hewa kwenye tundu dogo la nchani mpaka mashavu yakabonyea, kisha kwa ulimi akalisukuma donge la nta lililokuwa kinywani mwake, akaziba. Pembe ikasimama yenyewe mgongoni, ngozi ikavimba ndani yake. Wasemao leo kwamba fulani "anapiga chuku", wakimaanisha anatia chumvi, huenda wanakumbuka uvimbe ule bila kujua.

Kwa hiyo pembe ni kitu kirefu chenye ncha na uvungu, kinachopitisha pumzi. Ya ndovu inayo yote matatu. Mwezi Aprili 1498, Malindi, mwandishi wa shajara ya safari ya Vasco da Gama aliona baragumu mbili za pembe ya ndovu, zimechongwa kwa ufundi, urefu wake kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni na kupatana vizuri na tarumbeta nyingine. Hizo ni siwa, hata kama yeye hakulijua jina. Siwa ya Pate, ambayo sasa imehifadhiwa Makumbusho ya Lamu pamoja na mwenzake wa shaba, ina zaidi ya mita mbili na hupulizwa vilevile, kwa ubavu. Ilitoka kwa arusi na tohara za nyumba kubwa na kwa mambo ya utawala. James de Vere Allen aliziandikia uchunguzi mzuri mwaka 1976. Nani angesimama mbele ya chombo kile akaliita jino?

Maana ya kona nayo ni ya zamani, haikuletwa na walimu wa hesabu na pembetatu zao. Kitabu cha Steere cha lugha ya Kiswahili, cha mwaka 1870, kinaweka maana ya pembe ya mnyama na ya kona pamoja. Kutoka hapo tukapata pembeni na pembezoni, na kila pembe ya nchi. Hata karne, neno la Kiarabu, ni qarn, ambalo kwao ni pembe pia. Ndilo lililomo katika jina la Dhulkarnaini wa Sura ya Al-Kahf, mwenye pembe mbili.

Biashara yenyewe ya pembe za ndovu inajulikana: misafara ya Bagamoyo na Ujiji, Tippu Tip, funguo za vinanda zilizotengenezwa Connecticut. Ilizika watu na ndovu wasiohesabika, na Kenya ilipochoma tani 105 mwezi Aprili 2016 nilifurahi. Najua pia kwamba mahakama na forodha zinahitaji kutenganisha ya kifaru na ya ndovu. Kwa hilo "pembe za ndovu" inatosha, maana ndovu ameshatajwa.

Makala niliirudisha na pembe zake zote. Mhariri amenijibu kwa upole kwamba atakubali "pembe" pale ninapoandika siwa, ila kwenye misafara yabaki "meno". Nimemwandikia tena. Pembe ile ya Pate ilitoka bara begani kwa mpagazi, ikavuka bahari kwa jahazi, ikafika kwa fundi. Nimemwomba anionyeshe ni bandari gani ilipoacha kuwa jino.