Jinsi mwanafunzi wa ubingwa wa dharura anavyofikia uongozi

DAKTARI anayesomea ubingwa wa tiba ya dharura nchini Marekani hangoji kuhitimu ndipo atafute uongozi. Akiwa bado masomoni, huku akihudumia majeruhi usiku na mchana, anaweza kuwania wadhifa utakaompa usemi kuhusu namna yeye na wenzake wanavyofundishwa.

Desturi hiyo ina chimbuko lake. Mwaka wa 1970, Bruce Janiak alipojiunga na Chuo Kikuu cha Cincinnati na kuwa mwanafunzi wa kwanza wa ubingwa huo, hapakuwa na aliyekwisha kuhitimu wa kumfundisha. Ilimbidi kujifunza kwa madaktari wa idara nyingine. Enzi hizo, hospitali nyingi zilikiachia chumba cha dharura daktari yeyote aliyepatikana, awe na ujuzi wa kazi hiyo au asiwe nao.

Mnamo 1974 wanafunzi waliunda chama chao, EMRA. Bodi ya kuwatahini mabingwa iliundwa miaka miwili baadaye, na taaluma yenyewe ikatambuliwa rasmi mwaka wa 1979, ikiwa ya 23 katika orodha ya ubingwa nchini humo.

Ngazi ya kwanza ya uongozi huwa ni ukuu wa wanafunzi hospitalini, wadhifa ambao kwa kawaida hushikwa katika mwaka wa mwisho wa masomo yanayochukua miaka mitatu au minne. Anayeupata hupanga zamu, huandaa vipindi vya mafunzo ya kila wiki na kusikiliza malalamiko.

Kupanga zamu huonekana kazi ya karani. La hasha! Kanuni za mafunzo zimeweka kikomo cha saa ambazo mwanafunzi anaweza kufanya kazi kwa wiki, na ratiba iliyopangwa ovyo humleta darasani mtu anayesinzia. Hapo hata mhadhara bora huwa ni bure. Aidha, mpangaji huyo huyo ndiye anayemnyima rafiki yake likizo ya Krismasi, kisha kesho yake amsahihishe mbele ya mgonjwa. Wengi wenye akili nyingi za vitabuni hushindwa papo hapo.

Anayetaka kwenda mbele zaidi huomba nafasi katika uongozi wa EMRA, au kiti cha mwanafunzi katika kamati ya taifa inayokagua programu za mafunzo ya ubingwa huo. Barua ya maombi iliyojaa sifa tupu haimfikishi mbali. Kinachotazamwa ni alichokibadilisha: pengine alianzisha mazoezi ya kuokoa mgonjwa kwa kutumia mwanasesere, au aliwashawishi walimu wamweleze mwanafunzi makosa yake zamu inapomalizika badala ya kungoja mwisho wa muhula.

Viti hivyo si mapambo. Mwaka wa 2023, nafasi 554 za mafunzo ya tiba ya dharura zilikosa watu katika ugavi mkuu wa nafasi za ubingwa nchini Marekani, jambo lililowashtua wakuu wa taaluma hiyo. Na mwaka wa 2025 palitolewa pendekezo kwamba mafunzo yote yawe ya miaka minne. Mwaka huo wa ziada, pamoja na mshahara mdogo na madeni ya karo, ungebebwa na wanafunzi. Ni haki basi wawe na mtu mezani.

Afrika Mashariki haikuwa na ngazi za namna hiyo za kupanda. Mafunzo ya ubingwa huu yalipoanza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2010, walimu wengi walitoka ng'ambo. Kundi la kwanza lilihitimu mwaka wa 2013, na baadhi yao walivuka moja kwa moja kutoka dawati la mwanafunzi hadi kuwafundisha waliowafuata.